Ujirani wa Pikseli: Mchango wa Azriel Rosenfeld katika Uoni wa Kompyuta

Uoni wa kompyuta ni tawi la sayansi linaloshughulikia namna ya kuiwezesha mashine kupokea picha na kueleza kilichomo ndani yake, iwe ni herufi iliyoandikwa kwa mkono, chembe ya damu chini ya hadubini au ng'ombe anayevuka barabara. Tawi hili halitenganishwi kwa urahisi na ndugu yake, uchakataji wa picha, ambao kazi yake ni kuigeuza picha iwe picha nyingine iliyo rahisi zaidi kusomeka, kwa kuondoa madoadoa, kurekebisha mwanga au kutenga kinachotakiwa na kisichotakiwa. Katika miaka ya karibuni sifa nyingi za fani hizi zimeiendea mifumo inayojifunza yenyewe kutokana na mamilioni ya picha, na inastahili sifa hizo. Lakini chini yake upo msingi wa kihisabati ulioanza kuwekwa katika miaka ya 1960, na ni wachache walioushughulikia msingi huo kwa kina na kwa muda mrefu kama Azriel Rosenfeld, mwanahisabati wa Marekani aliyeishi kati ya mwaka 1931 na 2004 na aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Maryland kuanzia mwaka 1964.

Ili mchango wake ueleweke, ni lazima kwanza ieleweke picha ni kitu gani mbele ya kompyuta. Kwa mashine, picha ni jedwali la namba, lenye safu za kwenda chini na za kwenda kando, na kila namba hueleza kiasi cha mwanga katika kijisehemu kimoja kidogo cha mraba kiitwacho pikseli. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake, waliokuwa katika taasisi ya vipimo na viwango ya serikali ya Marekani, walitengeneza skana iliyoingiza picha ya mtoto mchanga wa Kirsch ndani ya kompyuta, ikiwa na pikseli 176 kwa 176, yaani pikseli 30,976 kwa jumla, na katika kila pito skana hiyo iliweza kubaini jambo moja tu, kama pikseli ni nyeusi au ni nyeupe. Mtu akiitazama picha ile anamwona mtoto papo hapo, anaona jicho, shavu na mpaka wa uso, bila kujiuliza ameyatambuaje. Kompyuta haioni lolote kati ya hayo. Ina namba elfu thelathini na ushei, na hakuna hata moja kati yake inayosema kwamba yenyewe ni ya shavu na jirani yake ni ya ukuta.

Rosenfeld aliliendea pengo hilo kwa njia ambayo wahandisi wa wakati wake hawakuwa na subira nayo. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Columbia, aliyoipata mwaka 1957, na kabla ya hapo alikuwa amehitimu mafunzo ya dini ya Kiyahudi na kuidhinishwa kuwa rabi. Kwa hiyo alilelewa na shule mbili ambazo zote hupima maana ya neno kabla ya kulitumia. Baada ya kufanya kazi kwa miaka kadhaa katika kampuni za vifaa vya elektroniki alihamia Maryland, na hapo akaanza kuuliza maswali yanayosikika kama ya mtoto: katika jedwali la namba, ni lini vitu viwili vimegusana, ni lini kitu kimoja kiko ndani ya kingine, na umbali ni nini?

Swali la kugusana ndilo linalofaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ugumu wake umefichika. Pikseli moja ya mraba ina majirani wanne inaochangia nao ubavu mzima, yaani wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia, na ina wengine wanne inaokutana nao kwenye pembe tu. Je, hao wa pembeni wahesabiwe kuwa majirani? Mcheza drafti atajibu bila kusita kwamba ndiyo, kwa kuwa kete zake hutembea kwa mshazari, na mraba unaogusa mwingine kwa pembe ndio hasa anaouendea. Mpima ardhi atajibu kinyume, kwa kuwa viwanja viwili vinavyokutana kwenye bikoni moja ya pembeni havina mpaka wa pamoja hata wa shubiri moja. Jibu la kwanza huitwa ujirani wa nane na la pili ujirani wa nne, na kila mmoja anaweza kudhani kwamba inatosha kuchagua moja na kuendelea na kazi.

Haitoshi, na mfano mdogo unaonyesha sababu. Chukua pikseli moja nyeupe, kisha paka rangi nyeusi zile nne zinazoizunguka juu, chini, kushoto na kulia, halafu acha karatasi yote iliyobaki iwe nyeupe. Umbo linalopatikana ni pete ndogo iliyosimama kwa pembe, mfano wa almasi. Ukiuchagua ujirani wa nane kwa rangi zote mbili, pikseli nne nyeusi zinagusana kwa pembe zao na pete imefungika, lakini pikseli nyeupe ya katikati nayo inagusana kwa mshazari na weupe wa nje, kwa hiyo kilichomo ndani ya pete kinavuja ingawa pete haina ufa. Ukiuchagua ujirani wa nne kwa rangi zote mbili, mambo yanageuka na kuwa ya ajabu zaidi: pikseli nyeusi sasa ni nukta nne zisizohusiana, hakuna pete kabisa, na hata hivyo pikseli nyeupe ya katikati imetengwa na weupe wa nje, kana kwamba imefungiwa na ukuta usiokuwepo. Katika hisabati ya mistari ya kawaida jambo hili haliwezi kutokea, kwa kuwa kanuni iliyotolewa na Mfaransa Camille Jordan mwaka 1887 inasema kwamba kila mstari uliofungwa usiojikata huigawa karatasi katika sehemu mbili, ya ndani na ya nje, na mtu hawezi kutoka katika moja kwenda katika nyingine bila kuukata mstari huo.

Suluhisho ni kuzipa rangi mbili hizo sheria mbili tofauti, yaani ikiwa nyeusi inafuata ujirani wa nane, nyeupe ifuate ujirani wa nne, au kinyume chake. Wazo hili halikuwa la Rosenfeld peke yake, kwa kuwa wengine walikuwa wamekwisha kuligusa. Alichofanya yeye, katika makala zake za kuanzia mwaka 1970, ni kulithibitisha kihisabati, akaonyesha kwamba kwa mpangilio huo kanuni ya Jordan hurudi na kushika hata katika ulimwengu wa miraba, kisha akajenga juu yake elimu nzima iliyokuja kuitwa topolojia ya dijitali. Topolojia ni tawi la hisabati linalochunguza sifa za maumbo zisizobadilika umbo likivutwa au kupindwa bila kukatwa, kama vile idadi ya vipande na idadi ya matundu, na ndiyo inayoitenga herufi O na herufi C hata kama zote zimeandikwa na mkono unaotetemeka. Kabla ya uthibitisho huo, programu za kusoma picha zilifanya kazi kwa bahati ya mwandishi wake. Baada yake, mwandishi angeweza kujua ni lini programu yake itasema kweli.

Kutoka katika ujirani ndiko kunakotoka mbinu ambayo huenda ndiyo inayotumika zaidi kati ya zote anazohusishwa nazo, ile ya kuhesabu vipande vilivyoungana, aliyoieleza pamoja na John Pfaltz katika makala ya mwaka 1966. Kompyuta huisoma picha kama mtu anavyosoma ukurasa, mstari kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na kila inapokutana na pikseli nyeusi hutazama majirani iliyokwisha kuwapitia, yaani, kwa ujirani wa nne, wa kushoto na wa juu. Ikiwa hakuna mwenye lebo, pikseli hupewa lebo mpya. Ikiwa yupo mmoja, hurithi lebo yake. Ugumu hujitokeza katika herufi kama U, ambayo nguzo zake mbili huonekana juu kama vitu viwili visivyojuana, moja ikapewa lebo 1 na nyingine lebo 2, mpaka msomaji afike chini kabisa na kukuta kwamba zimeungana. Badala ya kurudi juu na kuanza upya, kompyuta huandika pembeni, katika jedwali dogo, kwamba 1 na 2 ni kitu kimoja, kisha huendelea na safari yake. Na inapoipitia picha mara ya pili hubadilisha lebo zote kufuatana na jedwali hilo. Mapito mawili yanatosha, hata kama umbo limejikunja kama nyoka aliyelala. Kwa kompyuta za wakati ule, ambazo kumbukumbu yake ilikuwa ndogo na ghali, tofauti kati ya kupita mara mbili na kurudi nyuma mara zisizohesabika ilikuwa ndiyo tofauti kati ya kazi inayowezekana na isiyowezekana.

Makala hiyohiyo ya mwaka 1966 ilijibu pia swali la umbali. Mtu anayetembea Kariakoo, ambako mitaa mingi hukatana kwa pembe mraba, hawezi kupenya ndani ya maduka ili kufupisha njia, bali huhesabu vitalu vya kwenda mbele na vitalu vya kwenda kando, kisha hujumlisha. Umbali wa namna hiyo unalifaa jedwali la pikseli, kwa kuwa hauhitaji kipeuo wala desimali, na Rosenfeld na Pfaltz walionyesha namna ya kuipa kila pikseli ya umbo namba inayosema iko mbali kiasi gani na weupe ulio karibu nayo zaidi, tena kwa mapito mawili tu. Katika pito la kwanza, linaloanzia pembe ya juu kushoto, kila pikseli nyeusi huchukua namba iliyo ndogo kati ya ile ya jirani wa juu na ya jirani wa kushoto, kisha huongeza moja, na nyeupe huhesabiwa sifuri. Katika pito la pili, linaloanzia pembe ya chini kulia na kurudi, hutazamwa jirani wa chini na wa kulia, na namba hupunguzwa pale inapostahili kupunguzwa.

Mraba mweusi wa pikseli tano kwa tano, uliozungukwa na weupe, unatosha kuonyesha kazi hiyo. Baada ya pito la kwanza safu yake ya mwisho inasomeka 1, 2, 3, 4, 5, jambo ambalo si sahihi, kwa kuwa pikseli ya pembe ya chini kulia imepewa 5 ilhali weupe uko hatua moja tu kutoka kwake. Sababu ni kwamba weupe huo haujaonwa bado. Pito la pili linapoanza, pikseli hiyo ndiyo ya kwanza kusahihishwa na kuwa 1, na marekebisho huenea kutoka hapo mpaka safu ya kwanza na ya tano zote zinasomeka 1, 1, 1, 1, 1, ya pili na ya nne 1, 2, 2, 2, 1, na ya katikati 1, 2, 3, 2, 1. Sasa zitafutwe pikseli ambazo hazina jirani wa ubavuni mwenye namba kubwa kuliko yake: zinabaki 9 kati ya 25, zote zikiwa kwenye mishazari miwili ya mraba, na zimeunda alama ya mkasi. Hicho ndicho kiunzi cha umbo. Anayezijua pikseli hizo 9 pamoja na namba zake anaweza kuujenga upya mraba wote bila kukosea hata pikseli moja, na ndiyo maana mbinu hii ilivutia kama njia ya kuhifadhi maumbo kwa nafasi ndogo. Wazo la kiunzi lilikuwa limependekezwa na Harry Blum katika miaka hiyohiyo kwa mfano ambao mkulima yeyote anauelewa, wa shamba la nyasi kavu linalowashwa moto kingoni kote kwa wakati mmoja, ambapo kiunzi ni mahali ndimi za moto zinapokutana na kuzimana. Kilichokosekana ni namna ya kuuwasha moto huo ndani ya kompyuta.

Faida yake inaonekana vizuri katika maabara. Picha ya damu iliyopigwa kupitia hadubini huwa na chembe nyekundu nyingi, na baadhi yake hulaliana au kugusana, hivyo kwamba mbinu ya kuhesabu vipande huzihesabu chembe mbili zilizoshikana kuwa moja yenye umbo la namba 8. Ramani ya umbali huonyesha udanganyifu huo, kwa kuwa ndani ya umbo hilo namba hupanda mara mbili, kwenye tumbo la chembe ya kwanza na la chembe ya pili, na hushuka kiunoni. Kwa hiyo umbo hukatwa kiunoni na hesabu husahihika. Ufundi wa kukata kwa kufuata mabonde ya ramani uliendelezwa baadaye na watafiti wa Ufaransa, lakini ramani yenyewe ni ile ya mwaka 1966.

Mwaka 1969 Rosenfeld alichapisha Picture Processing by Computer, kitabu kinachotambuliwa kuwa cha kwanza cha kiada katika uchakataji wa picha kwa kompyuta. Mwaka huohuo, katika maabara za Bell, Willard Boyle na George Smith walibuni kifaa cha kunasa mwanga kwa chaji za umeme ambacho baadaye kilikuja kuwa jicho la kamera za dijitali. Kwa maneno mengine, kitabu cha kufundisha namna ya kuzisoma picha hizo kilitoka wakati kifaa cha kuzizalisha kwa wingi ndiyo kwanza kilikuwa wazo. Miaka saba baadaye alishirikiana na Avinash Kak kuandika kitabu kikubwa zaidi, ambacho kilisomeshwa katika vyuo vingi na kutolewa upya mwaka 1982 kwa juzuu mbili.

Mwaka huohuo wa 1976, akiwa pamoja na Robert Hummel na Steven Zucker, alitoa mbinu nyingine iliyopata umaarufu mkubwa, ya kuziachia sehemu za picha zishauriane. Jina lake, yaani kulegeza, limeazimwa kutoka katika hesabu za makadirio, ambamo jibu la kubahatisha husahihishwa kidogo kidogo mpaka litulie. Kila pikseli huanza na shaka, kwa mfano kwamba huenda ni sehemu ya ukingo wa kitu na huenda si sehemu yake. Kisha husikiliza majirani, na ikiwa nao wanaelekea kuwa ukingo unaokwenda upande uleule, uwezekano wake huongezeka, la sivyo hupungua, na mzunguko hurudiwa mara nyingi. David Waltz alikuwa amekwisha kuonyesha, katika kazi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba michoro ya maboksi inaweza kufasiriwa kwa kufuta maana zisizopatana. Rosenfeld na wenzake walibadilisha kufuta huko kuwe kupima. Katika roho hiyohiyo ya kukubali kwamba mambo mengi si ndiyo wala hapana, aliichukua nadharia ya Lotfi Zadeh ya seti zisizo na mipaka dhahiri, akaipeleka kwenye topolojia ya dijitali, ambako pikseli mbili za picha ya kijivu huweza kuungana kwa kiwango fulani kati ya 0 na 1, na kiwango hicho huamuliwa na pikseli iliyo dhaifu kuliko zote katika njia bora inayoziunganisha.

Ni haki kusema kwamba mbinu ya mashauriano haikufika mbali kama ilivyotarajiwa. Vipimo vya kuamua jirani asikilizwe kiasi gani vilipangwa na mtafiti mwenyewe kwa mkono, na picha ikibadilika vilihitaji kupangwa upya. Mara nyingine majirani walikubaliana upesi juu ya jambo lisilo kweli, kama watu wa baraza wanavyoweza kufanya. Udhaifu huo haukuwa wa mbinu hiyo peke yake bali wa kizazi chote kilichojaribu kuiandikia kompyuta kila sheria ya kuona, na ndio uliofungua mlango kwa njia ya kujifunza kutokana na mifano, ambayo Yann LeCun aliionyesha mwaka 1989 kwa tarakimu zilizoandikwa kwa mkono na ambayo Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton waliipa ushindi mwaka 2012 katika shindano la kutambua vitu pichani. Rosenfeld hakuiona siku hiyo.

Sehemu ya mchango wake haimo katika kanuni zozote. Kwa karibu miaka thelathini aliandaa kila mwaka orodha ya machapisho yaliyotoka katika uoni wa kompyuta na uchakataji wa picha, iliyopangwa kwa mada, na katika miaka ya 1990 orodha ya mwaka mmoja iliweza kuwa na marejeo zaidi ya elfu moja; kabla ya kutafuta machapisho kwenye intaneti kuwa jambo la kawaida, mtafiti mchanga wa chuo chochote aliyeipata orodha hiyo alijua mahali fani ilipofika. Kazi ya namna hii haimpi mtu heshima kubwa katika vyuo, na wengi huikwepa. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa jarida la Computer Graphics and Image Processing lililoanza mwaka 1972, alisimamia zaidi ya wanafunzi 50 wa shahada ya uzamivu, na aliandika, peke yake na kwa kushirikiana na wengine, makala zaidi ya 600. Tangu mwaka 2007 mkutano mkuu wa kimataifa wa uoni wa kompyuta hutoa tuzo ya mchango wa maisha yenye jina lake, na wa kwanza kuipokea alikuwa Takeo Kanade.

Mifumo ya sasa inayojifunza yenyewe haijaziondoa kazini mbinu za mwaka 1966. Mfumo wa aina hiyo ukishaipitia picha ya damu, mara nyingi hutoa picha nyingine inayoonyesha ni pikseli zipi ni za chembe na zipi si za chembe, na hapo bado hakuna hesabu ya chembe. Ili ipatikane, vipande vilivyoungana huhesabiwa kwa kanuni ileile ya lebo, na vilivyoshikana hutenganishwa kwa ramani ileile ya umbali. Katika OpenCV, maktaba ya programu inayotumiwa sana na wanafunzi na wahandisi wa uoni wa kompyuta, kazi ya kuhesabu vipande humtaka mtumiaji achague ujirani wa 4 au wa 8. Asipotaja lolote, programu hushika 8.